Kajiado haina bahari, lakini ina Magadi

KILA likizo ya Agosti inapokaribia, nyumba nyingi za mjini huingia katika mjadala mmoja. Watoto hutaka Pwani. Wamesikia kwa wenzao shuleni habari za mchanga mweupe wa Diani, ngamia wa kupandwa ufuoni, madau ya Malindi na vidimbwi vya kuogelea vya hoteli za Nyali. Wazazi nao hukaa kimya, kila mmoja akipiga hesabu zake kichwani.

Kwetu Kitengela mjadala huo ulizuka mapema mwaka huu. Kifungua mimba wangu, kijana wa miaka 12, alikuwa ameahidiwa na babake kwamba akifanya vyema mtihani wa muhula ataiona bahari. Kijana alijifunga kibwebwe, akafanya vyema. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni hilo likawa sasa limetukalia kooni.

Mume wangu alichukua kalamu na karatasi. Aliandika nauli ya gari la moshi la Madaraka Express, ambayo katika daraja la kawaida ilipanda hadi Sh1,500 mwezi wa Januari 2024. Hiyo ni kwenda tu. Akaongeza ya kurudi, akaongeza matatu za kutoka stesheni hadi kivuko cha Likoni na kutoka hapo hadi Ukunda, chumba cha siku tatu, chakula cha watu wanne, na yale mambo madogo madogo ambayo hayaandikwi lakini ndiyo yanayomaliza pesa. Alipofika chini ya karatasi alipiga mstari, akaikunja, akaitia mfukoni bila kuninong'oneza jumla yake. Kiwandani kwake saa za ziada zilikuwa zimepunguzwa, na karo ya muhula uliofuata ilikuwa tayari inabisha hodi.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, mama mmoja mwenye duka la nafaka. Alipokisikia kisa chetu alicheka.

"Mbona msiende Magadi?" akauliza. "Huko nako kuna maji mpaka macho yachoke. Tena ni hapa hapa Kajiado kwetu."

Mwanangu aliyekuwa akisikiliza alikunja uso. "Magadi si ni yale ya kupikia maharagwe?"

Naam, ndiyo hayo hayo. Na huko ndiko tulikokwenda, mpenzi msomaji, siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili, kwa gari dogo kuukuu la mume wangu. Nimeona nikusimulie, kwa sababu najua hatukuwa peke yetu tulioahidi tusichoweza.

Mzee wa Isinya

Tuliondoka Kitengela saa kumi na mbili asubuhi, thamosi ya chai na mandazi vikiwa miguuni pangu. Barabara ya Namanga wakati huo ni shwari. Kushoto na kulia ni nyumba, maduka ya simiti na mabati, na mabango ya ploti zinazouzwa.

Mgeni anayepita hapa leo ni vigumu kuamini kwamba mji huu ulikuwa mbuga tupu si zamani sana. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake mwaka wa 1988. Muda si mrefu, mwaka wa 1990, eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nchi za nje lilianzishwa Athi River, hatua chache kutoka hapa. Wafanyakazi walihitaji mahali pa kulala, na wenye ardhi walihitaji pesa. Kufikia hesabu ya watu ya mwaka wa 2019, Kitengela ilikuwa na wakazi zaidi ya 150,000, na Kaunti nzima ya Kajiado ilikuwa na watu 1,117,840. Sisi tumo katika hesabu hiyo. Ploti yetu ni ya futi 50 kwa 100.

Tulipofika Isinya gurudumu moja lilikuwa limelala. Tukasimama kwa fundi wa kuziba pancha. Pembeni aliketi mzee mmoja wa Kimaasai, shuka jekundu begani na fimbo magotini, akingoja gari. Watoto walimwamkia, naye akawagusa vichwani kama ilivyo desturi.

"Mnatoka wapi?" akaniuliza.

"Kitengela, mzee."

"Kitengela sehemu gani?"

Nikamweleza, nikataja na shule iliyo karibu. Mzee alitikisa kichwa pole pole.

"Hapo nilichunga ndama nikiwa kama huyu," akasema, akimwonyesha mwanangu kwa fimbo. "Kulikuwa na kidimbwi. Nyumbu walipokuja kunywa, tuliondoa ndama, kwa sababu nyumbu huleta ugonjwa wakizaa. Hatukuwapiga. Tulingoja wapite."

Nilimwuliza kama alikuwa na ardhi huko. Akanijibu kwamba alikuwa nayo. Aliuza kidogo kulipia karo, akauza kidogo kulipia hospitali, na sehemu nyingine aliuza kwa sababu kila mtu alikuwa anauza. "Pesa ziliisha," akasema bila kinyongo. "Ploti zikabaki zenu."

Sikuwa na la kumjibu. Fundi alimaliza kazi yake, tukamwaga mzee, tukaondoka. Lakini maneno yake yaliingia garini pamoja nasi, na hayakushuka mpaka tuliporudi nyumbani.

Kuteremka Bondeni

Kutoka Isinya tulishika barabara ya lami inayoelekea Kiserian. Hii ni njia nzuri kwa mtu wa Kitengela kwa sababu hana haja ya kuingia Nairobi na kukwama katika misongamano ya magari. Mbele yako vilima vya Ngong hukua kidogo kidogo mpaka unaviona vizuri, vimejipanga mithili ya vifundo vya ngumi, na juu yake mitambo mirefu meupe ikizunguka kwa upepo. Mitambo ya kwanza ya kuzalisha umeme wa upepo iliwekwa huko mwaka wa 1993, na baadaye ikaongezwa mpaka kufikia uwezo wa megawati 25.5. Kilele cha juu kina mita 2,460. Wengi hupanda vilima hivi kwa miguu wikendi, na anayependa matembezi ya nusu siku tu hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Jina Ngong lenyewe inasemekana limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya jicho, yaani chemchemi, ya kifaru.

Baada ya Kiserian unafika Corner Baridi, na jina halidanganyi. Upepo ni mkali na watoto walidai sweta. Hapo ndipo dunia inapofunguka. Bonde la Ufa liko chini yako, limetandaa, rangi ya kahawia na buluu, na barabara inajipinda kuteremka kama kamba iliyoangushwa ovyo. Binti yangu wa miaka 8 alishika masikio akisema yameziba. Tulipopita Olepolos, mahali panapojulikana sana kwa nyama choma, tayari sweta zilikuwa zimevuliwa. Kila kilomita iliongeza joto. Miti ya migunga ikachukua nafasi ya nyasi, mbuzi wakachukua nafasi ya ng'ombe, na mara mbili tulisimama kupisha twiga.

"Wako nje ya mbuga?" mwanangu aliuliza kwa mshangao.

"Wako kwao," babake akamjibu.

Karakana ya watu wa kale

Mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Nairobi unafika Olorgesailie. Kwa mtu anayepita kasi, ni kibao tu kando ya barabara. Kwa mtu anayesimama, hapa ni moja ya mahali pa ajabu katika nchi yetu, na nadhani ni wanafunzi wachache mno wa mjini waliowahi kupaona.

Zamani sana hapa palikuwa na ziwa. Lilikauka, likaacha udongo mweupe mithili ya unga, ambao ni mabaki ya viumbe wadogo wa majini. Kandokando ya ziwa hilo waliishi binadamu wa mwanzo, na walichokiacha ni mashoka ya mkono ya mawe, mengi kiasi kwamba ungedhani karakana ilifungwa jana wafanyakazi wakaenda kula. Louis Leakey na mkewe Mary waliyagundua mwaka wa 1942, na mahali hapa pakafunguliwa kwa umma mwaka wa 1947. Mashoka mengi yameachwa pale pale yalipopatikana. Mgeni hupita juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa na kuyatazama chini yake.

Aliyetuongoza alitueleza kwamba mawe hayo yametengenezwa katika kipindi kirefu, tangu yapata miaka 1,200,000 iliyopita hadi karibu 490,000. Mwanangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amenuna, alisimama. "Muda wote huo walitengeneza kitu kile kile?" Kiongozi akacheka, akasema ndiyo, mtindo haukubadilika sana kwa mamia ya maelfu ya miaka. Kisha akatupeleka kwenye mfupa wa tembo wa aina iliyotoweka duniani, aliyechinjwa kwa zana hizo hizo za mawe.

Lililonigusa zaidi ni lile lililotangazwa na wanasayansi mwaka wa 2018. Katika tabaka za baadaye, za yapata miaka 320,000 iliyopita, walipata zana ndogo zaidi zilizochongwa kutokana na jiwe jeusi la volkano, ling'aalo kama kioo. Jiwe hilo halipatikani hapo. Lilitoka mahali palipo mbali, kati ya kilomita 25 na 90. Maana yake ni kwamba watu wale walikwenda safari, au walibadilishana vitu na majirani zao wa mbali. Walipata na mawe ya rangi yaliyosagwa, labda kwa kujipamba.

"Kwa hiyo hata wao walisafiri kutafuta vitu vizuri," akasema binti yangu. Kwa hakika sikuwa nimeyafikiria hivyo.

Ahadi mbele ya ziwa

Jua lilikuwa limeanza kuelemea magharibi tulipopanda kilima cha mwisho na Ziwa Magadi likajitokeza chini yetu.

Nitasema kweli. Mara ya kwanza hudhani ni maji. Sehemu nyingine ni nyeupe kama barafu, nyingine zina rangi ya waridi, na nyingine zinang'aa kama bati jipya. Rangi hiyo ya waridi inatokana na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopenda maji ya chumvi kali. Magadi yenyewe yameganda kwa unene wa makumi ya mita mahali pengine. Ziwa halina mto unaotoka. Maji ya chemchemi za moto huingia yakiwa yamebeba madini, jua huyakausha, na magadi hubaki. Hivyo ndivyo ghala hili linavyojijaza mwaka nenda mwaka rudi.

Wamaasai waliyajua magadi haya tangu jadi, na akina mama wa nchi nzima wanayajua jikoni. Lakini mbio za kuyachimba kwa wingi zilianza wakati wa ukoloni. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka wa 1911, mwaka ule ule Wamaasai wa Laikipia walipotiwa katika mkataba wa pili wa kuhamishwa kuja kusini, baada ya ule wa 1904. Reli ikajengwa kutoka Konza, ikapita mji wa Kajiado, ikateremka mpaka ziwani. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2005 kampuni hiyo imekuwa mali ya Tata Chemicals ya India. Kiwanda, nyumba za wafanyakazi, maduka na shule vyote viko pale ukingoni, mji mzima uliozaliwa na magadi. Hata watu wa sinema wamepafika: filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka wa 2005, ilipigwa picha sehemu yake hapa.

Tulishuka kando ya ziwa. Joto lilitupiga usoni kama mtu aliyefungua tanuri la mkate. Binti yangu alikimbia mbele, akasimama, akageuka.

"Mama, ufuo uko wapi?"

Kaka yake hakukimbia. Alitazama ule weupe, akatazama mabomba ya kiwanda, kisha akamtazama babake. "Mliniahidi bahari," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Alichuchumaa, akatoa mfukoni ile karatasi iliyokunjwa, ambayo sikujua kwamba bado anaitembeza, akaikunjua juu ya goti lake. Akamwonyesha mwanawe hesabu, mstari kwa mstari: mshahara, kodi ya maji, karo, nauli, mpaka chini. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kijana huyo mambo hayo. Mimi mwenyewe nilikuwa nayaona kwa mara ya kwanza. Kijana alisoma mpaka mwisho, akarudia mstari mmoja kwa kidole, kisha akamrudishia babake karatasi.

Usiku huo tulilala katika nyumba ya wageni ya kadiri mjini Magadi, feni ikizunguka bila kupoza kitu. Kabla ya kulala alinong'ona gizani, "Baba, kumbe vitabu vyangu ni ghali hivyo?"

Asubuhi ya heroe

Anayetaka kuiona Magadi sharti aamke alfajiri. Saa kumi na mbili hewa ingali na ubaridi, na ziwa limejaa heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi huwaita flamingo. Walikuwa wakitembea kwa safu, vichwa chini, kama akina mama wanaopalilia shamba.

Tulichukua kijana mmoja wa hapo atuonyeshe njia. Usijaribu kwenda peke yako, msomaji, kwa maana matuta ya kuvukia ziwa ni mengi na yanachanganya, na mahali pengine tabaka la juu ni jembamba, chini yake ni tope. Alitupeleka kusini kwenye chemchemi za maji moto. Maji huchimbuka ardhini yakitoa mvuke, yanaingia vidimbwini, na wenyeji pamoja na wageni hukaa humo wakisema yanaponya viungo. Jaribu kwa kidole kwanza, kwa kuwa pengine yanababua.

Kidimbwini mwanangu aliona kitu kikitikisika. "Samaki!" Ni kweli. Samaki hawa wadogo wa jamii ya ngege asili yao ni hapa Magadi, na wanaishi katika maji ya chumvi kali yenye joto linalozidi nyuzi 40. Wengine wangekufa mara moja. Kijana wangu alilala kifudifudi ukingoni kwa nusu saa akiwatazama. Hiyo ndiyo nusu saa ndefu kuliko zote alizowahi kutulia tangu azaliwe.

Mimi nilizungumza na yule kijana wa kutuongoza. Alikuwa mpole na hakupenda kulalamika, lakini nilipomwuliza kama wageni wanawasaidia, alifikiri kidogo.

"Wengi wanakuja na maji yao, chakula chao na mafuta yao," akasema. "Wanapiga picha, wanaenda. Wanatuachia chupa za plastiki."

Akanieleza kwamba katika ukame mkubwa uliomalizika mwanzoni mwa mwaka wa 2023, baada ya mvua kukosa msimu baada ya msimu, ng'ombe wa nyumbani kwao walikufa wakabaki wachache wa kuhesabika kwa vidole. Kuongoza wageni ndiko kunakomlipia dadake karo ya sekondari. Wikendi yenye magari kumi, dada yuko darasani. Wikendi yasipokuja, mwalimu mkuu anapiga simu.

Nilijitazama. Thamosi yangu, mandazi yangu, maji yangu ya chupa. Tulikuwa wale wale. Basi tuliporudi mjini tulinunua chai, chapati na maharagwe katika kibanda alichotuonyesha, na binti yangu akanunua kidani cha shanga kwa akina mama waliokuwa wakitandaza bidhaa zao chini ya mti. "Takwenya," mama mmoja alimwamkia. Nikamfundisha ajibu "Iko." Wote wakacheka kwa furaha, na bei ikapungua bila kuombwa.

Karibu na kiwanda mabehewa yalikuwa yamesimama relini. Mume wangu alimweleza mwanawe kwamba yakijaa hupanda mpaka Kajiado, yakafika Konza, na kutoka hapo magadi huteremka hadi bandari ya Mombasa, kwenda nchi za nje kutengenezewa vioo na sabuni.

Kijana alifikiri. "Kwa hiyo magadi yanaiona bahari kabla yangu."

Safari hii alisema akitabasamu.

Vioo na njia ya nyumbu

Tulirudi kwa njia ya Ongata Rongai, tukaingia vumbini kuelekea Kitengela Glass. Jina linadanganya kidogo, kwa sababu hapa si mjini Kitengela. Ni ukingoni mwa korongo la Mto Mbagathi, mkabala na Mbuga ya Nairobi. Msanii Mjerumani Nani Croze alihamia hapa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuanza kazi ya vioo vya rangi. Baadaye mwanawe Anselm akaongeza kazi ya kupuliza vioo vya moto. Ukiingia unadhani umeota: nyumba zenye mapaa ya duara, sanamu za wanyama, vijia vilivyopambwa vipande vya vioo, na daraja jembamba linaloning'inia juu ya korongo, ambalo lilimfanya mume wangu akumbuke ghafla kwamba ana simu ya kupiga.

Mafundi walikuwa mbele ya tanuri. Mmoja alichota donge la kioo kinachowaka rangi ya chungwa, akalipuliza kwa mrija, akalizungusha, likawa bilauri. Malighafi yao ni vioo vya madirisha vilivyovunjika na chupa kuukuu. "Na kioo kinatengenezwa kwa nini?" aliuliza mwanangu. Mchanga, chokaa na magadi, akajibiwa. Akanigeukia kana kwamba yeye ndiye aliyevumbua.

Kutoka ukingo ule unaiona mbuga ng'ambo. Ilianzishwa mwaka wa 1946 na ina kilomita mraba 117 tu. Pande tatu ina ua. Upande wa kusini, yaani upande wetu, iliachwa wazi ili wanyama wapite kwenda malishoni Kitengela na Kaputiei wakati wa mvua na kurudi wakati wa kiangazi. Miaka ya 1970 nyumbu walipita kwa makumi ya maelfu. Leo waliobaki ni wachache mno. Nyua, barabara na nyumba zimewafungia njia. Na wanyama wakali wakikutana na mifugo, hasara ni ya pande zote. Mwezi wa Juni 2012 simba sita waliuawa na wafugaji huko Kitengela baada ya kuvamia boma. Tangu mwaka wa 2000 kumekuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi kidogo kwa kila ekari ili wasiweke ua. Wengine walikubali. Lakini bei ya ploti nayo inapanda, na karo haingoji.

"Na njia ya nyumbu ilipita wapi?" aliuliza binti yangu.

Nilimkumbuka mzee wa Isinya na kidimbwi chake. "Nadhani," nikamwambia, "ilipita chumbani mwako."

Alinyamaza mpaka tulipofika nyumbani.

Ukitaka kwenda

Msomaji, ukiwa na siku moja tu, nenda Olorgesailie na urudi. Ukiwa na mbili, fika Magadi. Mwenye siku tatu na mfuko mzito kidogo ashike barabara ya Namanga aende Amboseli, mbuga ya kilomita mraba 392, ambako tembo wamekuwa wakichunguzwa tangu mwaka wa 1972, na Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895 husimama nyuma yao, ingawa mlima wenyewe uko Tanzania.

Ondoka alfajiri. Jaza petroli Kiserian na ukague gurudumu la akiba. Beba maji mengi, kofia, na viatu unavyoweza kuoga bila kujali, kwa maana magadi hayapendi ngozi. Maji ya ziwa lenyewe usiyaoge wala usiyaonje. Epuka msimu wa mvua kubwa. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Chukua kijana wa hapo akuongoze, mlipe mlichopatana, na ununue chakula huko huko. Chupa zako rudi nazo nyumbani.

Kuhusu ahadi yetu, haijalipwa. Kwenye rafu ya sebuleni kuna mkebe wa majani ya chai uliotobolewa mfunikoni, na juu yake mwanangu amebandika karatasi iliyoandikwa BAHARI. Jumapili ile usiku alitia humo shilingi 40 alizobakisha kwenye soda. Babake akatia karatasi yake ya hesabu, ile ile iliyokunjwa, wapate kuiangalia pamoja mwaka ujao. Haba na haba hujaza kibaba.